Twita mbili kwa sekunde moja

Hazikupiga kelele. Siku zote nilidhani spika ikifa itakoroma kwanza, itoe moshi kidogo, inipe japo nafasi ya kuukimbilia mkono wa volyumu. Twita zangu, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zilisema "tk", kama mtu kavunja njiti ya kiberiti, basi. Ilikuwa Jumamosi jioni, nimeegesha Sinza nyuma ya kibanda cha chipsi, namringishia rafiki yangu rimoti ya DSP, kifaa cha kupanga sauti kidijitali, niliyofunga wiki ileile. "Hapa," nikamwambia, "nabonyeza namba mbili, muziki unatoka kwenye mpangilio wa dereva unakwenda kwenye mpangilio wa wote." Nikabonyeza. Namba mbili sikuwa nimeijaza kitu. Na DSP ikiwa tupu haikati chochote: kila chaneli inapitisha kila sauti, nene na nyembamba, na volyumu nilikuwa nimeiachia kwa heshima ya mgeni. Besi nzima nzima ikaingia kwenye twita ambazo koili yake ni waya mwembamba kama unywele.

Rafiki yangu akasubiri kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

Laki na themanini, hizo. Na aibu yangu haikuwa pesa peke yake, maana miezi mitatu mfululizo kijiweni nilikuwa nawahubiria wenzangu kwamba krosova (kigawa sauti nene na nyembamba kwa spika zake) ya aktivu, inayogawa kabla ya amplifaya, ndiyo mambo yote, na zile za pasivu, viboksi vinavyokuja na seti ya spika, ni vya kutupa. Wale waliokuwa wananisikiliza sasa wananiuliza: tubaki na viboksi au tusibaki? Ngoja nieleze yaliyonikuta, kila mtu aamue na mfuko wake.

Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Dar. Gari langu ni Toyota IST, nakaa ndani yake saa kumi na moja, kumi na mbili kwa siku. Wenzangu wana sebule. Sebule yangu ina usukani. Lilipotoka Japani lilikuja na redio yake ya huko, inayoanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa zilikuwa nje ya uwezo wake. Wengine hufunga ekspanda ili kuzivuta. Mimi nilinunua redio nyingine, na anayebadilisha redio hubadilisha na spika, hiyo ni njia ya kila mtu. Nikachukua seti ya vipande: midi mbili, spika za sauti nene na za kati, za inchi sita na nusu za milangoni, twita mbili za kwenye kona za dashibodi, na viboksi viwili vyeusi vya plastiki. Waya unatoka kwenye amplifaya unaingia kwenye kiboksi, unatoka umegawanyika mara mbili, mmoja kwa midi na mmoja kwa twita. Asubuhi moja tu, kazi imeisha.

Kilichomo ndani ya kiboksi nilikijua tangu mdogo. Mjomba alikuwa na duka la kutengeneza redio Ngamiani, Tanga, na likizo zangu za sekondari ziliishia pale nikimshikia taa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alinipa kapasita mkono huu na koili mkono huu, akasema hii inapitisha sauti nyembamba na kuzuia nene, hii inapitisha nene na kuzuia nyembamba, ukishalijua hilo yaliyobaki ni hesabu. Na hesabu yenyewe ni fupi. Chukua ukubwa wa kapasita kwa faradi, zidisha kwa omu za spika, zidisha kwa 6.28, halafu moja uigawe kwa jibu hilo. Unapata hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, ambazo kapasita inaanzia kupitisha; za chini ya hapo inazikata.

Wale wenye twita za bei ya chini za Kariakoo, angalieni kile kikapasita kilichochomekwa kwenye waya. Mara nyingi kimeandikwa 4.7 au 3.3, ni maikrofaradi hizo. Kwa twita ya omu 4, ile ya 4.7 inaanzia karibu hezi 8,500, na ya 3.3 inaanzia 12,000. Sasa midi ya mlangoni ikifika 3,000 au 4,000 inaanza kulegea, sauti inakwenda mbele moja kwa moja kama tochi, na mbele ya midi ya IST ni goti lako. Kati ya hapo na 8,500 hakuna mwenyewe. Ndiyo maana mtu anaongeza treble hadi mwisho na bado anasema mwimbaji hasikiki vizuri: "s" na "sh" zake zimeangukia kwenye shimo ambalo spika zote mbili zimelikimbia.

Tena kikapasita hicho hakijui kimefungwa kwenye spika gani. Mwenzetu mmoja kijiweni twita yake ilikufa, fundi akamwekea nyingine iliyotoka kwenye spika ya nyumbani, ya omu 8, kapasita ikabaki ileile ya 10. Kwa omu 4, kapasita ya 10 inaanzia karibu hezi 4,000. Kwa omu 8 inaanzia 2,000. Maana yake twita imepewa kazi ya oktavu nzima, yaani kutoka hezi fulani hadi maradufu yake, ambayo haikuwa yake. Ilipiga kwa ukali, ikamchosha masikio wiki moja, ikafa. Akamlaumu Mchina.

Mimi mwenyewe nilifanya baya zaidi, na mimi ndiye niliyesomeshwa na mjomba. Kiboksi cha kushoto kilikuwa kimefungwa chini ya dashibodi, karibu na bomba la maji ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa huku na chumvi ya hewa ya bahari, vituo vya waya vikaota kutu ya kijani. Nikakifungua ili nisafishe. Ndani: koili mbili, moja imezungushwa kwenye plastiki tupu na nyingine kwenye kipande cheusi cha feraiti, kapasita mbili, na ile rezista nyeupe ya simenti inayopunguza nguvu ya twita kwa kuigeuza joto. Nikaona waya za kwenda twita zimepishana, chanya ya ubaoni imekwenda kwenye hasi ya spika. Nikacheka. Kiwanda kimekosea! Nikazigeuza, nikachomea upya kwa risasi, nikafunga, nikafanya na cha kulia hivyohivyo.

Muziki ukawa na tundu katikati. Besi ipo, matoazi yapo, lakini mwimbaji kama anaimbia ndani ya ndoo. Nilizunguka nao siku nne nikidhani masikio yangu yamechoka.

Kiwanda hakikukosea. Kiboksi kile ni cha mteremko, yaani kasi ya kushusha sauti isiyotakiwa, wa desibeli 12 kwa oktavu: koili na kapasita kila upande. Mteremko huo una tabia yake: pale midi inapokabidhi kazi kwa twita, spika hizo mbili zinakuwa zimepishana kinyume, koni ya hii ikienda mbele ya ile inarudi nyuma, hewa inavutwa na kusukumwa wakati mmoja na sauti ya pale inafutika. Dawa yake ni kugeuza waya wa twita makusudi. Walishageuza. Mimi nikaja na bisibisi yangu nikarudisha ugonjwa.

Nataja haya ili ijulikane kwamba kiboksi si takataka. Kuna mtu alikaa na midi ile na twita ile, akapima, akachagua kapasita, akageuza waya, akafunga mfuniko. Uamuzi umeshafanyika. Usipokifungua, kinakutunza.

Udhaifu wake upo. Kimepangwa kwa spika zile tu, na kwa gari lisilojulikana. Koili zake zina ukinzani wao, kwa hiyo sehemu ya wati ulizonunua inabaki mle ndani kama joto. Na kuna mahali pasivu inashindwa kabisa, nako ni kwenye sabufa. Piga hesabu uone: kukata sabufa ya omu 4 kwenye hezi 80 kwa njia rahisi kabisa, ya desibeli 6, unahitaji koili ya milihenri 8. Hilo ni donge la shaba la kushika kwa kiganja kizima, na bado mteremko wake ni mdogo hadi sabufa itasikika ikijaribu kuongea. Ndiyo maana karibu kila mwenye sabufa tayari anatumia aktivu bila kujua: ule mkono mdogo ulioandikwa LPF, wa kupitisha sauti nene tu, kwenye amplifaya ni krosova ya aktivu. Inakata ishara ikiwa bado changa, kabla haijakuzwa, kwa hiyo haihitaji shaba, na haijali spika ni ya omu ngapi.

Hapo ndipo nilipoingiwa na tamaa. Kama besi inakatwa kirahisi namna ile, kwa nini midi na twita zisikatwe hivyohivyo?

Gharama yake ya kwanza ni chaneli. Kwa viboksi, amplifaya ya chaneli mbili inaendesha spika nne. Kwa aktivu kila spika inataka chaneli yake, kwa hiyo nne, na sabufa ya tano. Nilikuwa na amplifaya ya chaneli nne, chaneli mbili zilikuwa za milango ya nyuma ambayo hakuna anayeisikiliza isipokuwa abiria wanaotaka nipunguze, nikazinyang'anya. Gharama ya pili niliigundua nimeshang'oa viboksi: mkono wa HPF, wa kupitisha sauti nyembamba tu, wa amplifaya yangu unaishia hezi 250. Twita haikatwi kwa 250, twita inachinjwa. Kuna amplifaya zenye swichi ya kuzidisha namba hiyo mara kumi, yangu haina. Tena midi inataka ikatwe juu na chini kwa pamoja, na swichi zangu zilitaka nichague moja. Kuna redio zinazofanya kazi hiyo zenyewe, Pioneer wana zenye kubadilishwa kutoka hali ya kawaida kwenda hali waliyoiita Network, ambapo waya za spika za mbele zinakuwa za twita na za nyuma zinakuwa za midi. Yangu si mojawapo. Nikanunua DSP iliyotumika, kiboksi kidogo kuliko kitabu, ukakiunganisha na laptopu.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilikaa ndani ya gari uani, laptopu mapajani, mbu wananila, nikisogeza mstari kwenye skrini na kusikiliza. Kata midi chini kwenye 80, isihangaike na besi. Kabidhi kwa twita kwenye 3,500. Sogeza 3,000. Rudisha. Kwa kiboksi kila jaribio ni kuchomoa kapasita na kuchomea nyingine. Hapa ni kidole. Mteremko nikachagua desibeli 24, ule wa Linkwitz-Riley, jina la Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard. Linkwitz aliuchapisha mwaka 1976. Uzuri wake ni kwamba pale pa makabidhiano kila spika imeshuka desibeli 6 na koni zinakwenda pamoja, hivyo mbili hizo zikijumlishwa unapata sauti kamili, bila tundu, na bila kugeuza waya wowote. Nikakumbuka siku zangu nne za ndoo.

Halafu ucheleweshaji. Hili kiboksi hakiwezi kabisa. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo midi ya kulia iko karibu na sikio na ya kushoto iko mbali, na mwimbaji anayetakiwa awe katikati anakaa kwenye mlango wangu, karibu na goti. Mke wangu anashona. Nikachukua futi yake ya cherehani, nikapima kutoka puani: kulia sentimita 92, kushoto 138. Tofauti ni 46. Ndani ya gari lenye joto sauti hutembea karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo ya kushoto inachelewa milisekunde 1.3. Nikaichelewesha ya kulia kiasi hichohicho. Twita nazo nikazifanyia hivyo.

Nilikuwa napiga taarabu, ya zamani, yenye fidla nyingi. Mwimbaji aliinuka kutoka kwenye goti langu akaenda kukaa juu ya dashibodi, katikati, kana kwamba nimemkaribisha kiti. Nilizima, nikawasha tena, akarudi palepale. Nikamwita mke wangu saa saba usiku aje asikie. Alikuja na khanga yake, akaketi kiti cha kushoto, akasikiliza kwa utulivu, akasema, "Mbona kwangu amekaa mlangoni?"

Kweli. Ukimsogezea dereva unamnyima abiria wa mbele. Abiria wangu wa kazi hukaa nyuma, lakini mke wangu si abiria wa kazi. Ndipo nilipoamua kutengeneza mpangilio wa pili, wa wote, usiochelewesha kitu. Niliamua. Nikasema nitaujaza kesho.

Mwisho wa kesho hiyo mnaujua.

Yapo mengine madogo. Kadiri waya za ishara na erthi zinavyoongezeka, ndivyo kelele za alteneta, mtambo unaochaji betri, zinavyopata njia ya kuingia. Wiki mbili gari langu liliimba "wiii" lililopanda kila nikikanyaga mafuta, hadi nikazikusanya erthi zote kwenye bolti moja niliyoikwangua rangi. Na DSP inataka muda wako. Ukiiharibu saa tano usiku utaisikia imeharibika asubuhi njia nzima ya Mwenge hadi Posta, na foleni zetu mnazijua.

Lakini tofauti kubwa ni ile iliyotokea Sinza. Kwenye pasivu kapasita imesimama mlangoni kwa twita kama mlinzi asiye na haja ya kuambiwa kitu. Bonyeza chochote, badilisha redio, mkabidhi gari fundi mlevi, besi haipiti. Kwenye aktivu waya unatoka amplifaya unaingia moja kwa moja kwenye twita, na kinachoilinda ni namba iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. Namba ikifutika, au ukizichanganya RCA, plagi za waya za ishara, mbili zinazofanana, au amplifaya ikaharibika na kutoa umeme wa betri, hakuna wa kumzuia mtu. Nilikuwa nimemfukuza mlinzi nikampa kazi yake mtu asiyekuwepo.

Twita mpya nimezifunga na kapasita ya maikrofaradi 47 kila moja, isiyo na chanya wala hasi, nimeichomea kwenye waya nikaifunika na mpira. Kwa omu 4 inaanzia kwenye hezi 850 hivi, oktavu mbili chini ya pale DSP inapokata, kwa hiyo kwenye muziki siisikii. Lakini besi ya hezi 85 ikija kwa makosa, inayofika kwenye twita ni sehemu moja kati ya mia ya nguvu yake. Bado itapiga vibaya. Ila itanipa muda wa kuzima, na hiyo ndiyo nafasi niliyoikosa.

Dada yangu ana Passo, alitaka "muziki kama wako, kaka". Nimemfungia seti yenye viboksi, amplifaya ya chaneli mbili, nimeviweka viboksi juu mbali na maji ya kiyoyozi, na pesa iliyobaki nimenunua mabati laini ya kubandika milangoni, maana mlango unaotetema hakuna krosova ya kuutibu. Nilianza saa tatu, saa sita tunakula. Namwambia kila mara: ukiona waya wa twita umepishana, uache. Kwa mtu anayetaka kuwasha gari na kusikiliza, ningerudia hivyohivyo kesho. Na langu nisingelirudisha kwenye viboksi hata kwa kulipwa, kwa sababu ya yule mwimbaji wa juu ya dashibodi.

Juzi rafiki yangu wa Sinza alipanda tena, akaiona rimoti, akaweka mikono mapajani. Nikamwambia bonyeza. Namba mbili sasa ina mpangilio wa wote, nimeupima na mke wangu ameupitisha. Tatu na nne nimezijaza nakala ya namba moja. Akabonyeza zote, moja baada ya nyingine, akiwa ameziba sikio moja.